Panya Aliyenusa Makohozi ya Fundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi cherehani alifagia chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa duka la baba yake. Mimi ni jirani yao, tumetenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo nilimsikia akiwafukuza panya waliotafuna vitambaa vya watu. Aliwachukia kupita kiasi. Baba yake alishona huku akikohoa, na Kibonge, mdogo wake wa miaka miwili, alicheza na vifungo sakafuni.

Fundi alikuwa ameshapimwa makohozi zahanati, akaambiwa hana kitu. Lakini mjini kwetu kuna maabara inayofuga panya buku, wakubwa kama paka. Usicheke. Macho yao hafifu, ila pua zao ni balaa. Hufundishwa tangu wachanga kunusa makohozi, na wakikuta harufu ya kifua kikuu husimama na kukwaruza, wapewe ndizi. Sisi tunaomwita kila mwizi panya, kumbe panya anatuokoa. Zahanati ilipeleka makohozi ya fundi huko yanuswe, na panya alikwaruza. Wataalamu wakahakikisha kwa darubini: ugonjwa upo.

Nesi wa zahanati alimkuta binti nje ya shule, akamvuta pembeni. Alimweleza panya alichogundua, akamwagiza amwambie baba yake aje kesho aanze dawa, na Kibonge aletwe apewe dawa ya kinga. Rafiki zake walikuwa wametega masikio. Walimcheka njia nzima, eti fundi kapimwa na panya, sasa atawashonea panya suruali. Binti aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Nyumbani hakusema kitu. Nesi alipomuuliza tena, alijibu kwamba baba amesafiri. Amesafiri wapi, na mimi nilisikia cherehani ikilia kutwa?

Wiki zikapita. Kibonge akashikwa na homa, akakataa kula, shingo ikakakamaa, mwisho akapoteza fahamu. Hospitali walisema kifua kikuu kimepanda kichwani. Nesi alifika, akamuuliza fundi amerudi lini safari. Fundi akashangaa, safari gani tena? Wote wakamgeukia binti, naye akasema yote huku analia. Mimi nilikuwepo, na sitaficha, nilitamani kumchapa. Baba yake hakumgusa.

Dawa zilifanya kazi. Kikohozi cha fundi kilikwisha, na Kibonge alirudi nyumbani akitembea. Lakini hasikii tena. Ukimwita kwa nyuma, hageuki.

Siku moja binti alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akamwomba msamaha. Mtoto alimtazama mdomo, akatabasamu, akaendelea kucheza. Binti akaangua kilio. Fundi akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, mimi nimeshakusamehe," alisema. "Lakini hili ulijue maisha yako yote. Ukipewa ujumbe wa mtu, si wako, ni wake. Mfikishie, hata kama unakuchoma ulimi. Kuchekwa kungeisha wiki ileile. Hili la mdogo wako haliishi."