Gesi Aliyoiziba Mthunzi

BMW nyeusi ilivunja lango la bandari ya Durban.

Bongekile Mkhize hakupunguza mwendo. Redio ikakoroma, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Mamba, subiri kikosi!"

"Aliyemo humo ni kaka yangu. Subirini ninyi."

Bastola yake ya Glock ikabweka mara mbili. Mlinzi akaanguka kando ya kontena. Risasi ya tatu ikampata gotini Kestler, tajiri wa Ulaya aliyemteka kaka yake, akikimbilia boti. Masanduku yake ya dawa yakabaki gatini. Aliyedungwa dawa hiyo angeshuhudia mauaji mchana kweupe na asikumbuke kitu.

Mtaalamu aliyeibuni alikuwa kaka yake huyo huyo, Mthunzi. Jambo jipya likiingia kichwani, seli ya ubongo inayolipokea huirudishia ile iliyolituma gesi kidogo: nimekusikia, kaza sauti. Dawa huiziba gesi hiyo. Mthunzi aliitaka kwa utafiti tu. Kestler akaijaribu kwa Mthunzi mwenyewe.

Bongekile alimkuta kaka yake kafungwa kitini.

"Dada! Umenipataje?"

"Wamekudunga saa ngapi?"

"Kunidunga nini?"

Jibu lile lilimkata maini. Dawa ingemtoka kesho. Baba yao, kule Eshowe, hakuwa na kesho.

Simu ikaita. Shangazi.

"Bonge, mzee anakata roho. Anamtaka Mthunzi, sasa hivi!"

Miaka sita mzee hakumwita mwanawe kwa majina ya sifa ya ukoo, tangu kijana huyo alipokosa maziko ya mama yake kwa ajili ya maabara. Kwa Wazulu, huko ni kufukuzwa nyumbani mlango ukiwa wazi.

Bongekile akamwekea simu sikioni.

"Khabazela," sauti ikakwaruza. "Gcwabe. Gubhela. Yameisha, mwanangu. Rudi nyumbani."

Mthunzi akaangua kilio. "Nimesikia, Baba! Nimesikia!"

Kisha shangazi akapiga ukunga wa msiba. Bongekile akakata simu, akakata na kamba. Alipoinua uso, kaka yake alikuwa akiyapapasa mashavu yake kwa mshangao.

"Mbona nimelowa? Dada, hivi Baba bado ana kinyongo nami?"

"Amekuita Khabazela."

"Acha utani wewe. Baba yupi? Lini?"

Bongekile alitamani kumzaba kibao. Alitamani kumkumbatia. Redio ikakoroma tena.

"Mamba, hali?"

"Mzigo tunao. Kazi imekwisha."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea kuelekea kwenye gari bila haraka. Nyuma yake Mthunzi aliwauliza askari wa kikosi waliokwisha kufika kama kuna mwenye simu. Alitaka kumpigia baba yake, amwombe radhi.