Chupa ya Tarehe Mbili

Alhamisi, tarehe tatu Aprili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Delphine Rowell alifungua lango la uzio wa miche yake akakuta hakuna miche. Uzio ulikuwa umesimama na theluji ilikuwa pale pale. Lakini mepo mia mbili na arobaini, miti ya utomvu mtamu, ambao wiki ile walikuwa wanamfika begani, walikuwa wamelala chini safu kwa safu, kila mmoja amekatwa pale shina lilipochomoza kwenye theluji.

Hakulia. Alirudi nyumbani akampigia simu Konstebo Hester Quimby, akamwambia maneno ambayo mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mwimbaji wa kwaya, hakutarajiwa hata kuyajua.

Hester alifika saa mbili kasorobo, matope yakiwa yamempanda hadi magotini, kwa maana mwezi huo barabara za Stannock si barabara, ni uji. Ndiye konstebo pekee wa mji ule mdogo wa milimani, kaskazini mwa Vermont. Ana miaka hamsini na minane, na baba yake alikuwa mgema wa mepo, kwa hiyo alikulia ndani ya mvuke wa banda la kuchemshia utomvu hadi uwe shira. Alitembea safu ya kwanza hadi ya mwisho, shingo ikizidi kuwa nyekundu.

"Wataniambia ni kulungu," Delphine alisema.

"Atakayekwambia hivyo mlete kwangu. Kulungu hana meno ya mbele ya juu. Hung'ata akavuta, akaacha nyuzi. Hapa pamekatwa kwa mkasi wa kupogolea, tena mkasi mkali. Na kulungu gani anafunga mnyororo wa lango akitoka?"

Hester alipiga magoti penye nyayo. Ilikuwa njia moja tu ya buti, ya kuingia na kutoka. Mtembeaji alikuwa amezama hadi nusu ya goti, na kingo za mashimo sasa zilikuwa ngumu kama jiwe.

"Asubuhi kama hii theluji imeganda, inambeba mtu. Huyu alizama. Maana yake alipita ikiwa imelainika, jana mchana, halafu usiku ikaganda na nyayo zake. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa macho. Niliondoka saa saba, nikarudi saa kumi na mbili. Stannock nzima ilijua, maana niliomba lifti pale posta."

Nyayo zilifika barabarani, na matope yakazimeza. Kitu kimoja zaidi kilimsimamisha Hester. Kibao kipya cha langoni kilikuwa kimefunguliwa na kulazwa kifudifudi kwenye theluji. Skrubu zake nne zilikuwa zimepangwa juu ya nguzo, moja baada ya nyingine. Alikigeuza akasoma: *Shamba la Carlton Rowell, aliyegundua mti mtamu.*

"Kiliwekwa lini?"

"Jumapili. Tulikizindua, majirani wakaja, wakapiga makofi."

Carlton alikuwa mume wa Delphine, na alishazikwa miaka minne iliyopita. Mti wenyewe waliuita Bikizee. Mepo wa kawaida utomvu wake una sukari sehemu mbili katika mia, lakini Bikizee alikuwa na sita. Delphine aliokota mbegu zake, akaotesha miche mia tisa, akapima tone la kila mche, akaipanda ile mitamu tu. Ingechukua miaka thelathini na mitano kabla ya kugemwa. Sasa alikuwa akimtunzia mjukuu aliyezaliwa Februari, na alijua kwamba yeye mwenyewe hataonja. Na Novemba iliyopita upepo ulikuwa umemwangusha Bikizee. Tangu siku hiyo damu ya mti ule ilikuwa imebaki mle ndani ya uzio, na si mahali pengine popote duniani.

"Nikimpata," Delphine alisema, "usinizuie."

"Nitakuzuia," Hester alijibu, "lakini sitafanya haraka."

*

Saa nne asubuhi Hester alivuka barabara kwenda kwa Emmett Rowell, mdogo wake marehemu Carlton, mzee wa miaka sabini na mitatu anayeishi peke yake. Mvuke ulikuwa ukitoka juu ya paa la banda lake, na katika milima ile mvuke ukionekana mlango uko wazi kwa yeyote.

"Karibu, Konstebo. Donati hizo, achari ya matango hiyo. Kula kabla hujanituhumu."

"Nani kasema nakutuhumu?"

"Umekuja na daftari. Baba yako alikuwa anakuja na kikombe."

"Miche ya shemeji yako imekatwa yote."

Emmett aliendelea kukoroga. Shira ndani ya sinia la kuchemshia ilikuwa imeiva, nyeusi kama kahawa. "Nimesikia. Habari mbaya haikwami matopeni."

"Jana kuanzia saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Utomvu ulikuja kama bomba limepasuka. Nilichemsha saa nane hadi saa kumi na moja na nusu. Ushahidi huo dirishani."

Dirishani zilipangwa chupa ndogo za ukubwa wa kidole gumba, kila moja na tarehe yake. Kila mchemshaji wa milima ile hujaza moja kutoka kwenye shira ya kila siku, akaiweka kwenye mwanga, na mgeni akiingia huzitazama kabla hajasalimia. Za Emmett zilikuwa kumi na tisa. Zilianza na rangi ya majani makavu, zikawa asali, zikawa chai ya rangi, zikawa kahawa, na ya mwisho, ya tarehe mbili Aprili, iling'aa juani kama dhahabu. Hester aliandika: *chupa kumi na tisa, ya jana ipo.* Akageuza ukurasa.

"Nani alikuona?"

"Kwa matope haya? Nani apite?"

"Bikizee alikuwa mtamu kiasi gani hasa?"

"Sita nukta moja, mwaka ule wa baridi kali. Tano nukta nane mwaka uliofuata. Hakuwahi kushuka chini ya..." Emmett akapangusa mwiko. "Ulikuwa mti mzuri. Ila Carlton kapata kibao chake, au siyo? Inatosha."

Hester aliondoka akiwa na donati moja mkononi na hasira mahali pasipo sahihi. Kichwani alikuwa na jina moja tu, na halikuwa la Emmett.

*

Brice Lamoureux, kijana wa miaka thelathini na minne, anauza paneli za umeme wa jua. Alitaka kununua uwanja ule wa Delphine, akakataliwa. Machi, kwenye mkutano wa mji, mbele ya watu mia na zaidi, alisimama akapayuka kwamba mama yule analima kaburi, na kwamba vijiti vyake siku moja vitafyekwa.

Saa saba mchana Hester aligonga mlango wake kwa ngumi.

"Jana saa nane ulikuwa wapi? Usinidanganye, Brice, leo sina subira."

"Kwenye matope!"

"Nimesema usinitanie."

"Konstebo," mama yake Brice aliita kutoka jikoni, "hakutanii. Alizama hapo kona ya daraja saa sita na nusu, wakamtoa saa kumi na moja. Walivuta wanaume wanne. Mchungaji alikuwa mmojawapo, na alitukana matusi ambayo sijayasikia tangu mume wangu afe. Gari limeachwa kule kando ya barabara, matope hadi kwenye vioo. Nenda katazame."

Hester alikuwa amepita pale asubuhi na kuliona. Hilo lilimkera zaidi.

"Nilisema maneno mabaya, nakubali," Brice alisema. Na yeye pia alikuwa na hasira. "Lakini kukata mche wa mtu? Mimi nimelelewa hapa! Krismasi bibi yangu alikuwa anatupimia shira ya Bikizee kwa kijiko, kijiko kimoja kimoja. Unanionaje wewe?"

"Nimekosea. Samahani."

"Andika hivyo kwenye hilo daftari lako, basi."

Mama yake alimvuta Hester kiti. Dirishani mwake pia zilikuwepo chupa, kumi na sita. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe mbili Aprili, nyeusi tii.

"Jana ulichemsha?"

"Nilichemsha huku namlaani huyu na gari lake. Ona rangi hiyo! Siku tano za joto, utafanyaje? Msimu ukishafika huku hauna shira nyeupe tena. Bonde zima hakuna aliyeipata tangu tarehe ishirini na nane."

Hester aliiweka donati mezani. Alifungua daftari ukurasa wa asubuhi, akasoma mstari wake mwenyewe, akajitukana kimoyomoyo. Baba yake angeona mara moja.

*

Saa kumi jioni aliingia tena bandani kwa Emmett, Delphine akiwa nyuma yake. Hakusalimia. Alichukua chupa mbili za mwisho dirishani, akaziinua kwenye mwanga.

"Hii ya Jumanne, tarehe mosi. Kahawa. Hii ya Jumatano, tarehe mbili. Dhahabu. Na leo nimeona sinia lako kwa macho yangu, kahawa tena. Nieleze."

"Utomvu una siku zake, Konstebo."

"Mimi ni mtoto wa mgema, Emmett, usinifundishe. Utomvu hauzeeki Jumanne ukawa kijana Jumatano. Hii ni shira ya wiki ya kwanza. Umeimimina kutoka chupa yako ya mezani kwa sababu jana hukuchemsha."

Emmett alitazama moto.

"Ungeniambia ulilala," Hester aliendelea, sauti ikipanda. "Mzee wa miaka sabini na mitatu amepumzika mchana, nani angebisha? Ningeaga nikaenda zangu! Lakini jana ilikuwa siku ya utomvu mwingi kuliko zote, na kila atakayeingia hapa angeliona pengo. Umekata miche ya watu ukaweza, kuacha pengo dirishani ukashindwa."

"Baba hakuwahi kuacha pengo siku yenye utomvu," Emmett alisema taratibu. Alinyoosha mkono, akautoa mkasi kwenye msumari nyuma ya mlango, akauweka mezani kati ya donati na achari.

"Kwa nini, shemeji?" Delphine aliuliza.

"Kibao!" Emmett aligeuka, na mwiko ukamtoka mkononi. "Aliyegundua mti mtamu! Carlton alijua nini? Mimi ndiye niliyeonja, nikiwa na miaka ishirini na miwili, tone kwenye kidole. Mimi ndiye niliyempima kila Machi, miaka hamsini bila kukosa! Carlton alikuja na msumeno amfanye kuni, nikalala kwenye mizizi nikamwambia anikate mimi kwanza. Akapewa shamba kwa sababu alizaliwa mbele yangu, nikanyamaza. Akafa, nikanyamaza. Jumapili ukanialika langoni, ukavuta kitambaa, nikasoma. Na nikapiga makofi, Delphine. Nilisimama pale nikapiga makofi!"

"Carlton aliniambia ni yeye."

"Carlton alikuwa mwongo!"

"Basi ungekwenda kaburini ukamtukana Carlton!" Delphine alipiga meza hadi mkasi ukaruka. "Ungekuja kwangu! Miaka arobaini na minane nakaa ng'ambo ya barabara, nakuletea supu ukiugua, na mdomo unao! Miche ilikukosea nini? Ile ilikuwa damu ya Bikizee, yule unayesema ulimlalia kwenye mizizi. Umemaliza alichoshindwa Carlton na msumeno wake!"

Emmett aliinama akaokota mwiko. Ilionekana wazi kwamba hesabu hiyo hakuwa ameipiga, wala jana, wala leo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa, akavunja mtungi.

"Imekwisha, basi," alisema mwishowe.

"Haijakwisha, mjinga wewe." Delphine alikuwa anahema. "Umekata juu ya theluji. Chini ya theluji kuna shina la futi moja, na mepo mchanga akikatwa Machi au Aprili huchipua. Umegema maisha yako yote, hujapanda hata mmoja, utajuaje? Nusu watarudi, labda zaidi. Lakini wamerudi nyuma miaka mitatu. Miaka mitatu hiyo mimi sina, Emmett. Nilitaka niwaone wakipita kichwa changu. Hicho ndicho ulichoniibia, na hukumwibia Carlton."

"Kesi itafunguliwa," Hester alisema. "Hilo si la kuombana."

"Fungua. Na mimi nina langu." Delphine alichukua penseli ya Emmett, ile anayoandikia tarehe za chupa, akaandika maneno nyuma ya karatasi ya unga. "Utachonga kibao kipya kwa mikono yako. Nakujua, unachonga vizuri. Haya ndiyo maneno."

Emmett alisoma. Alisoma tena. "Yote mawili?"

"Yote mawili ni kweli."

Jumapili ya kwanza ya Juni, saa nne asubuhi, majirani wale wale walisimama langoni. Ndani ya uzio visiki mia moja thelathini na nane vilikuwa na majani mapya, mekundu kidogo bado. Emmett alifunga skrubu nne, akarudi nyuma, akavua kofia. Herufi zilikuwa safi, zimenyooka, za fundi:

*Mti mtamu uligunduliwa na Emmett Rowell.*
*Miche yake ilikatwa na Emmett Rowell.*

Hakuna aliyepiga makofi.