Fomu Isiyoijua Ngoro

Mwaka ule soko huria lilipoingia Mbinga, mizani ya wanunuzi wa kahawa ilizagaa kila kona, lakini foleni ilikuwa ileile. Vitalia alishusha gunia, kitenge kimemganda mgongoni. Mbele yake akasimama Hamphrey, kijana wa mradi wa afya, shati jeupe limepigwa pasi, fomu mkononi.

"Dada, umetoka wapi?"

"Maguu. Kwa miguu."

Hamphrey akapiga hesabu. "Umeunguza kalori elfu moja na mia tano."

"Kalori ndiyo nini?"

"Nguvu inayoungua mwilini."

"Basi mimi mkaa. Usinisogelee, utaungua."

Foleni nzima ikacheka. Hamphrey akasogea. Wakapendana.

Mwezi Machi Hamphrey akapiga simu kutoka Songea. Vitalia alikuwa akiisubiri pale posta tangu asubuhi.

"Mpenzi, ripoti imepita!"

"Mimi umeniandikaje?"

"Kazi nyepesi. Fomu ina mbio, baiskeli, kuogelea. Kulima ngoro, yale mashimo yenu ya mteremkoni, hakumo. Wanawake wote wako kwenye kazi za nyumbani."

"Na gunia?"

"Halimo."

Vitalia akamkatia simu. Enzi za ushirika mama yake alichuma kahawa miaka ishirini, kadi ya uanachama ikaandikwa jina la baba. Sasa wamekuja wengine na kalamu mpya. Amechoka.

Jumamosi Hamphrey akatokea shambani, mteremkoni. Kaka zake Vitalia walikwisha kufyeka na kupanga majani; kuchimba mashimo ya ngoro waliachiwa wanawake, kama siku zote.

"Nipe jembe."

"Utachekwa, baba."

Shimo la tatu likamkalisha chini, viganja vimechubuka. "Unachimba mangapi kwa siku?"

"Sihesabu. Nikihesabu nitalia."

"Niliandika ripoti upya, mkubwa wangu akaitupa. Nitaandika tena. Vitalia, nataka kukuoa."

"Ukinioa, maji atachota nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Hata leo."

"Ndoo ile pale. Kisima kiko bondeni, unapitia kilabuni."

Akaiweka kichwani. Huko chini walevi wakapiga miluzi: "Mama Hamphrey, shikamoo!"

"Marahaba, wanangu!"

Vitalia akacheka peke yake, kisha akaketi kwenye majani. Hakumbuki lini aliketi jua likiwa bado juu.

Hamphrey akapanda na maji, shati limelowa chapachapa.

"Utachota mpaka mavuno?"

"Mpaka mavuno, na baada yake."

"Basi kamwone baba," akasema, wala hakuinuka kumtua ndoo.