Mkunga Wangu, Mbele za Watu

Siku hiyo duka la kopi lililotazamana na geti la chuo halikuwa na pa kutia mguu. Mitihani ilikuwa imekaribia, na kila mwanafunzi alikuwa amekumbuka ghafla kwamba kuna vitu hajavisoma. Mashine ziliunguruma, chumba kilinuka wino na jasho, na mtoa kopi, jamaa mwembamba mwenye penseli sikioni, aligawa mabunda ya karatasi huku akipiga kelele, "Anayefuata! Msinisukumie meza jamani!"

Alimwangalia msichana aliyekuwa mbele, akamkabidhi bunda. Akamwangalia kijana aliyekuwa nyuma yake, akamkabidhi jingine. Hakuuliza lipi ni la nani.

Msichana alijipenyeza hadi nje. Alikuwa amevaa blausi ya njano, sketi ya jinzi na hereni kubwa za duara, ungedhani anakwenda kupiga picha. Kumbe alikuwa ametoka karakana. Alisomea ufundi wa magari, na wenzake walimbandika jina la Spana, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa kumheshimu. Alifunua ukurasa wa kwanza akakutana na mchoro wa mtoto aliyeinamisha kichwa tumboni mwa mama yake.

"Samahani, dada," sauti ilimwambia kwa nyuma. "Nadhani umenichukulia mtoto wangu."

Foleni nzima iligeuka.

"Mtoto wako?" Spana alifoka. "Kaka, mimi na wewe tumeonana wapi?"

"Yuko hapo kwenye karatasi. Mimi nimepewa giaboksi, na sijui hata pa kuishikia."

Watu waliangua kicheko. Mtoa kopi alitoa kichwa dirishani, akajitetea kwamba yeye alijua tu: mambo ya kuzaa ni ya dada, mambo ya magari ni ya kaka, sasa kosa lake liko wapi?

"Kila siku," Spana alisema kwa kuchoka.

"Kila siku," kijana naye alisema papo hapo.

Wakatazamana. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, kucha zimekatwa fupi kabisa, na macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo. Alisomea ukunga, mwanamume pekee darasani mwao. Spana alimpa mtoto wake, akapokea giaboksi yake, na namba za simu zikabadilishwa hapo hapo, mtoa kopi akiwa shahidi.

Mapenzi yao yalianza kwa kulalamika. Spana alimweleza jinsi mwalimu wa karakana alivyompa kazi ya kuandika ubaoni kila injini ilipofunguliwa, eti ana mwandiko mzuri, huku wavulana wakichafua mikono na kujifunza. Kwa hiyo alizoea kufika asubuhi kabla ya wote, akalala chini ya gari peke yake, akafungua na kufunga hadi vidole vikajua njia. Mkunga naye alimweleza jinsi walimu wake walivyokuwa wakimwambia asihangaike sana na wodi, maana mwanamume akishahitimu hupewa ofisi. Yeye hakutaka ofisi. Alitaka kuzalisha.

"Lakini kwa nini ukunga?" Spana alimwuliza siku moja kwenye simu. "Niambie ukweli, mpenzi."

"Mdogo wangu alizaliwa nyumbani, mimi nikiwa mlangoni. Mkunga alitoka amebeba mtu ambaye kabla ya hapo hakuwepo. Tangu siku hiyo sijaona kazi nyingine ya kuizidi."

Spana aliibana simu sikioni asikie zaidi. Wanaume aliowajua walisifia kazi zao kwa mshahara au kwa cheo.

Kilichommaliza kabisa ni siku aliyomfuata hospitali alikofanyia mazoezi. Alisimama kwenye korido, nje ya wodi ya wazazi, akamsikia anavyozungumza na mama mmoja aliyekuwa akihema kwa uchungu. "Nisaidie, daktari," mama alilia. "Mimi si daktari, mama, ni mkunga," alijibu kwa upole, "na siondoki hapa." Alimsugua mgongo, akamhesabia pumzi, akamtania kidogo hadi mama akacheka katikati ya maumivu. Wagonjwa wote walimwita daktari kwa kuwa alikuwa mwanamume, na wote aliwasahihisha, hata yule mwenye haraka, hata yule aliyekuwa amemsifia. Spana aliona fahari. Kuanzia hapo kwenye simu hakumwita kwa jina tena. Alimwita Mkunga wangu.

"Na wewe Fundi wangu," alijibiwa. "Nimeshamwambia mama kwamba nimepata mchumba, ni fundi magari."

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama unakula vizuri, maana kazi yenyewe nzito."

Wakacheka wote wawili. Halafu Mkunga akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na wewe kwenu utanipeleka lini?"

Hapo ndipo penye kazi.

Baba yake Spana alikuwa mshonaji wa suti, na duka lake lilikuwa na kioo kirefu na wateja wenye majina. Alipoambiwa kwamba binti yake amechagua magari, alivuta uzi, akaendelea na mkunjo aliokuwa akiushona. Hakukataza. Ila mteja akiuliza binti anasomea nini, mzee alijibu, "Yuko chuo," kisha akamwomba mteja ainue mikono apimwe kifua. Shangazi, dada wa baba, hakuwa na subira hiyo. Yeye alisema wazi kwamba msichana huyu atakuja kuolewa na trekta.

Basi Jumapili hiyo Mkunga alifika kwa chakula cha mchana, suruali imenyooka, viatu vinang'aa, mkononi ana matunda ya mama. Kila mtu alimpenda kabla hajakaa. Shangazi alimkagua kuanzia kichwani hadi chini, akameza tonge, akamgeukia Spana.

"Na huyu mgeni wetu anasomea nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Spana aliliona kabisa, na papo hapo akasikia kicheko kitakacholifuata: jike linatengeneza magari, dume linazalisha, haya mmebadilishana! Alimwona baba yake amesimamisha kijiko, akisubiri.

"Udaktari," alisema.

Meza ilichangamka. Mama alipiga kigelegele kifupi, shangazi akaanza papo hapo kueleza habari za goti lake, na baba, yule mzee asiyesema, alimpigapiga binti yake begani, akatabasamu. Spana hakukumbuka mara ya mwisho baba yake kumpigapiga begani hivyo.

Mkunga alimwangalia. Alimpa muda. Spana akainamia sahani yake.

"Goti ulionyeshe hospitali, shangazi," Mkunga alisema hatimaye. "Mimi bado najifunza."

Spana alimsindikiza hadi kwenye kona ya barabara kubwa.

"Mpenzi, sikiliza," Spana alianza. "Huijui familia yangu. Ningesema vile, wangekucheka."

"Nachekwa kila siku, na bado naenda kazini."

"Nilitaka wakupende kwanza. Ningewaambia baadaye."

"Wamempenda nani?" Mkunga alisimama. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Spana zaidi. "Mama mwenye uchungu wa kuzaa akiniita daktari, namsahihisha. Leo nimekaa kimya ili nisikuaibishe kwenu. Kwenye simu mimi ni mkunga wako, mbele za watu nageuka daktari. Watu wengine wakinionea haya naelewa. Wewe, Fundi? Wewe unayejua inavyouma?"

Akavuka barabara peke yake.

Spana alipiga simu jioni ile, haikupokewa. Akapiga kesho yake, ikapokewa. "Sina kinyongo," Mkunga alimwambia, "lakini siwezi kuoa nikiwa nimejificha." Kisha akamwambia ana zamu, akakata.

Wiki ile karakana haikukalika. Spana alikaza nati moja mpaka ikakatika kichwa. Na huko nyumbani mambo yalizidi kunoga: baba alikuwa amewatangazia wateja wote habari za mkwe daktari, na kila alipomwona binti yake alimchangamkia kuliko alivyowahi kumchangamkia maishani. Spana alitamani uso ule wa baba usiondoke. Alimtamani na Mkunga pia, na alijua vizuri kwamba hawezi kubaki na vyote viwili.

Alimkuta baba dukani, futi imening'inia shingoni, ameinama juu ya cherehani. Hakuwa na mteja. Spana hakukaa.

"Baba, nilidanganya. Si daktari. Anasomea ukunga. Anazalisha wanawake, na ni kazi anayoipenda, na mimi nampenda yeye. Niliona haya mezani, nikasema uongo."

Cherehani ilinyamaza. Mzee alitazama kitambaa kwa muda, na Spana aliliona lile tabasamu la wiki nzima likimtoka usoni. Aliumia. Hata hivyo hakurudisha neno hata moja.

"Mwanamume mzima," baba alisema taratibu, "anazalisha."

"Ndiyo, baba. Na mimi nafungua injini."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Nilipoanza kushona," alisema, "babu yako aliona aibu. Kwao cherehani ilikuwa kazi ya wanawake. Watu walipomwuliza mwanawe anafanya nini, alijibu, 'Yuko mjini.' Basi. Hadi anakufa hakuwahi kutamka kwamba nashona. Nikajiapiza kwamba nikipata mtoto sitamfanyia hivyo." Alirudisha miwani usoni. "Na mimi wateja wakiniuliza habari zako, najibu, 'Yuko chuo.'"

"Nimekusikia, baba. Mara nyingi."

"Kumbe ulikuwa unanisikia." Sauti ya mzee ilikatika. "Basi uongo huo hukuutoa mbali, mwanangu. Umeutoa hapa hapa."

Spana alimshika baba yake mkono, ule mkono mgumu wenye sugu ya mkasi, wakalia wote wawili katikati ya makoti ya watu. Mteja mmoja aliingia, akawaona, akarudi nje kinyumenyume.

Kutoka hapo Spana hakupitia nyumbani kubadilisha nguo. Alikwenda moja kwa moja hospitali na ovaroli yake yenye madoa ya oili, akamngoja Mkunga getini. Alipotoka alikuwa amechoka, macho mekundu, lakini anatabasamu peke yake kama kawaida yake mtoto akizaliwa salama. Alipomwona Spana, tabasamu likapungua.

"Nimemwambia baba," Spana alisema. "Na shangazi nimempigia simu nikiwa njiani."

"Shangazi amesemaje?"

"Amekata simu. Halafu amepiga tena, akaniuliza kama bado unaweza kumsaidia goti."

Mkunga alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Sikuja kujitetea," Spana aliendelea. "Nilikuonea haya, na katika watu wote niliowahi kuwajua, wewe ndiye usiyestahili kuonewa haya. Unisamehe. Na usiponisamehe, ukweli niliowaambia sitaurudisha."

Mkunga alimtazama sana. "Mimi sikuhitaji wote wanikubali, Fundi," alisema. "Nilikuhitaji wewe tu." Akamshika mikono yake yote miwili, oili na yote, shati lake jeupe likachafuka mkononi, wala hakujali. "Sasa nikija na wazazi wangu kuzungumza na wako, nitajitambulisha mwenyewe?"

"Thubutu! Nitakutambulisha mimi."

Walikutana sebuleni kwa akina Spana, pande zote mbili, wazee wamevaa vizuri na kukohoa bila sababu. Spana, ndani ya gauni la bluu alilolishona baba yake, alikuwa ameyarudia maneno yake kichwani tangu alfajiri. Kabla hajainuka, baba yake alisimama, akavuta koti lake likakaa sawa, akawatazama wageni.

"Kabla ya yote, niwatambulishe binti yangu," alisema, na akameza mate. "Ni fundi magari. Injini anaijua ndani na nje. Kwa muda mrefu sikulisema hilo mbele za watu, na leo nalisema kwangu, mbele yenu."

Akaketi haraka, kama mtu aliyetua mzigo. Mama akajifunika uso kwa khanga. Ilikuwa zamu ya Spana sasa, na yale maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yalikuwa yamemtoka kichwani yote. Alisimama hivyo hivyo, akamshika Mkunga mkono.

"Huyu ni mkunga," alisema. "Ni mkunga wangu."