Mshono wa Upande wa Ndani

Sahondra alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki, na wateja wake waliuvumilia mdomo kwa sababu ya mikono. Kibanda chake kilikuwa katikati ya soko la Analakely, kati ya muuza kofia za ukindu na Vololona, muuza vitambaa vya meza. Sidiria alizoning'iniza, mpita njia angedhani zimeshonwa na mlevi: zilifungwa mbele, mishono imetokeza nje, ukanda wa chini mpana, na ndani ya kikombe kimoja kulikuwa na mfuko. Waya hata mmoja hazikuwa nao. Zilikuwa za wanawake waliotoka kukatwa titi, ambao mkono haufiki tena mgongoni kutafuta kishikizo, na kovu lao halitaki kuguswa na kitu kigumu. Alianza kwa kumshonea shangazi yake aliyekuwa akilia kila akivaa. Sasa walimjia hata kutoka mji wa mbali wa Antsirabe, wakielekezana kwa kunong'ona.

Jumamosi moja, soko limefurika mpaka watu wanakanyagana, alikuja mwanamume. Alikuwa mrefu, kifua kama mlango wa ghala, koti la jinzi limefungwa hadi shingoni ingawa jua lilichoma. Akainama kama anayeulizia choo.

"Samahani, dada. Nataka ile... ya waliopasuliwa."

"Sema kwa sauti, kaka, hapa hatuuzi bangi. Ya nani? Mkeo?"

"Dada yangu."

"Pole yake. Kifua chake kina upana gani?"

Mwanamume akafungua mikono kuonyesha. Wa kulia ulienda mbali, wa kushoto ukaishia njiani. Sahondra akautazama ule upana, akashindwa kujizuia.

"We Vololona! Njoo uone maajabu! Kaka huyu dada yake anacheza raga!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, muuza kofia akapiga mapaja. Hata yule mwanamume alicheka, tena sana, mpaka macho yakawa mekundu.

"Raga nimecheza mimi," alisema. "Yeye tumefanana tu. Ni upande wa kushoto. Lakini usiweke kikombe. Iwe bapa, kama fulana, isimkwaruze."

Jina lake Njaka, fundi wa kuchomelea mageti kule Isotry. Alirudi kusema fulana imefaa. Akarudi tena bila la kusema, akanunua kwa Vololona kitambaa cha meza, na meza kwake hana. Mara iliyofuata akajikaza.

"Dada Sahondra, wewe unakula saa ngapi?"

"Saa yoyote nikilipiwa."

Wakala kisamvu cha kupondwa na nyama ya nguruwe, wali umejaa mpaka pembeni, wakateremshia maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Sahondra alimtania kwa jinsi alivyokula kwa mkono mmoja kama mfalme. Kuanzia hapo simu yake haikupumzika jioni.

"Hujambo, kisirani changu?"

"Kisirani ni bibi yako. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda. Dada anaendeleaje?"

"Anasema fulana yako imemfaa kuliko dawa. Analala nayo."

"Mwambie abadilishe, mimi sishoni ngozi ya pili."

Wakapendana, na walipendana hadharani, Sahondra na gauni lake la njano linalopepea kwenye ngazi za mji, Njaka na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na ncha. Jambo moja tu lilimkwaza. Kila alipotaka kulaza kichwa kifuani pake, Njaka alimhamisha taratibu kwenda kulia. Hakumruhusu kushoto hata mara moja. Na alipomgusa kifungo cha shati, alimshika mkono, akaubusu, akaurudisha ulikotoka.

Siku moja mkahawani wakakutana na Bary, mwenzake wa timu, mtu wa maneno mengi. Njaka alipoenda kunawa, Sahondra akauliza kwa adabu, "Eti shemeji, dada yake Njaka ana nafuu?"

"Dada gani?" Bary akashangaa. "Mama yake alimzaa yeye, akafunga kiwanda. Sasa hivi hata mazoezini haonekani. Tunasikia kuna mwanamke."

Sahondra akacheka, kwa kuwa midomo ilikuwa imekwishazoea. Basi alikuwepo. Mwanamke mgonjwa, analala na fulana aliyoishona yeye, na upande wa kushoto ni wake. Angeweza kumuuliza Njaka. Lakini ukiuliza utajibiwa, naye hakutaka kujibiwa.

Jumatano Njaka akapiga simu. "Mpenzi, naomba nyingine. Anarudi kazini, kuna vitu vizito vitamgusa kifuani."

"Nitamshonea," Sahondra akasema. "Nitamshonea hata asinisahau."

Alijua anachofanya, na hilo ndilo lililomla baadaye kuliko yote. Miaka mingi amewafundisha wasichana wanaojifunza kwake kwamba chini ya kwapa, pale kovu linapoishia, usipitishe mshono, na ukilazimika basi ugeuzie nje, uzi wa pamba. Yeye akachukua uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi. Akaupitisha pale pale, upande wa ndani, akakata ncha zake fupi ziwe kali. Kwa nje fulana ilipendeza. Njaka alipokuja kuichukua alimbusu kwenye paji la uso mbele ya Vololona.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Sahondra yalizaliwa jioni ile ile. Akampigia.

"Njaka, ile fulana... ameivaa?"

"Anayo mwilini. Inambana kidogo chini ya kwapa, lakini amesema ya mikono yako haivui."

Hapo ndipo pa kusema. Mwambie aivue, nilikosea. Maneno mafupi tu.

"Haya," Sahondra akasema. "Usiku mwema."

Baada ya hapo simu ya Njaka haikupatikana. Sahondra alishona kwa kukosea na kufumua. Kila mteja aliyekuja kumshukuru alimfanya atamani kujificha chini ya cherehani.

Kisha akaja mama mmoja wa makamo, shali nyeupe begani, kikapu mkononi.

"Wewe ndiye Sahondra? Mimi ni mama yake Njaka. Nimekuja kukuagiza nyingine, mwanangu." Akatoa fulana iliyofuliwa mpaka ikachujuka, lakini chini ya kwapa alama ya kahawia ilikuwa imegoma kutoka. "Hii ilimchubua, kidonda kikafumuka. Ana homa. Daktari alitaka kuitupa, akakataa katakata. Anasema ni uzi tu umepotea njia."

"Nani, mama?" Sahondra akauliza. "Nani ana homa?"

"Njaka. Kwani hakukwambia? Walimkata titi la kushoto, saratani. Hata mimi nilidhani ni ugonjwa wetu sisi wanawake. Anaona haya, mwanangu. Usimcheke."

Usimcheke! Sahondra akauona ule mkono wa kushoto ulioishia njiani na yale macho mekundu, akasikia kicheko cha soko zima, na aliyekianzisha ni yeye. Akamwachia Vololona kibanda, akamfuata yule mama, hata kofia hakuchukua.

Alimkuta Njaka kitandani, amekonda usoni, bandeji imemzunguka kifua. Alipomwona akavuta shuka, kisha akaliacha.

"Sasa unajua," akasema. "Karibu, kisirani. Dada yangu ndiye huyu."

"Njaka..."

"Najua lililotokea. Umeme ulikatika, ukashonea gizani. Si ndiyo? Wiki ile ulikatika kila jioni."

Alikuwa amemtayarishia uongo kabisa, safi, umekunjwa vizuri. Kilichobaki ni Sahondra kusema ndiyo, na angesamehewa kabla ya kuomba. Alilia kwanza.

"Umeme ulikuwepo," akasema. "Nilikusudia. Bary alisema huna dada. Nikajua una mwanamke, nikataka aumie."

Njaka akamtazama, halafu, Mungu wangu, akaanza kucheka huku ameshika ubavu.

"Yaani umenionea wivu mimi? Umegombana na mimi kwa ajili yangu?"

"Nisamehe. Ningejua ni wewe, ningejikata vidole."

Kicheko kikakatika. "Ungejua ni mimi. Na kama angekuwa mwanamke kweli, Sahondra? Mwanamke ana kovu kama langu, hajui hata jina lako. Leo ungekuwa umekaa hapa unalia?"

Sahondra akajifuta machozi kwa pindo la gauni.

"Nenda nyumbani," Njaka akasema taratibu. "Mimi nilidanganya kwa haya, hilo kosa langu. Lakini lile swali nenda nalo."

Akaenda nalo. Akala nalo, akashona nalo. Kila Jumamosi alimpa mama yake Njaka fulana mpya, pamba tupu, chini ya kwapa hamna mshono kabisa, kitambaa kimekatwa kipande kimoja kutoka kifuani hadi mgongoni. Mbunifu yeyote angejivunia mkato ule. Yeye haukumpa raha. Mvua zikaanza. Jioni moja akapiga simu, akijua huenda isipokelewe.

"Ninalo jibu," akasema. "Angekuwa mwanamke, ningefurahi kwanza siku mbili tatu. Halafu ningeanza kumwogopa Mungu. Kumwendea... sijui, Njaka. Nadhani nisingemwendea."

Upande wa pili nyundo ya mtu ilisikika kwa mbali.

"Nimekusikia," Njaka akasema. "Ungesema kingine ningekata simu."

Kisha akaikata.

Jumamosi ya kuelekea Krismasi, soko halina pa kuweka mguu, Sahondra alikuwa akimpimia Madamu Perline, mteja wake wa siku nyingi, mara akasikia mtu anakohoa kwa makusudi. Bary huyo, suti, kofia, na shuka la heshima begani kama msemaji wa posa. Nyuma yake Njaka, shati limepigwa pasi.

"Enyi mabibi na mabwana wa Analakely!" Bary akaunguruma. "Mimi mdogo kati ya wakubwa, kabla sijafungua kinywa naomba lawama inipite! Wapo walionizidi umri, wapo walionizidi hekima, wapo walionizidi hata tumbo, nao wananisikiliza..."

"Si mchezo!" wakaitikia wauza mboga. Hakuna asiyejua kwamba hotuba ya posa huanza hivyo, kwa kufukuza lawama.

"Fupisha, Bary," Njaka akasema, akasogea mpaka mezani, akapaza sauti hadi kwa wauza maua. "Dada, nataka fulana ya waliopasuliwa. Ni ya kwangu. Yule dada anayecheza raga ni mimi." Muuza kofia akaanza kucheka, akamwona usoni, akanyamaza. "Na mwenye kushona nitawaleta wazee wangu kwa baba yake, kama bado ana nafasi."

Vololona alikuwa tayari anapiga vigelegele. Sahondra angeweza kusema ndiyo hapo hapo, mambo yakaisha kwa nderemo, na Madamu Perline asijue maisha yake yote. Lakini mtu aliyejivua namna ile mbele ya soko, huwezi kumjibu ukiwa umejifunika.

"Subiri, Bary," akasema. "Lawama unayoifukuza, mwenyewe ni mimi." Akatoa ile fulana yenye alama, aliyoachiwa na mama yake Njaka na kuiweka chini ya cherehani, akaigeuza mbele yao. "Huu mshono niliupitisha ndani kwa makusudi, na uzi wa begi, ili umchubue mgonjwa. Nilidhani ni mwanamke mwenzangu. Mjue mnamwachia nani vifua vyenu."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu waliondoka bila kuaga. Madamu Perline hakuondoka. Aliichukua sidiria yake mpya kutoka mezani, akaigeuza ndani nje, akapitisha dole gumba juu ya mshono, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaitia kikapuni.

"Nitarudi kuchukua ya pili," akasema. "Nayo nitaigeuza."

"Igeuze, mama," Sahondra akajibu.

Njaka akamsogelea. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na wazee?"

"Waje. Ila Bary asiongee siku nzima."

Wazee walikuja, na Bary aliongea siku nzima. Mwaka wa tatu sasa wanaishi Isotry, na meza wamenunua, kitambaa cha Vololona kiko juu yake. Sahondra hulaza kichwa kushoto, juu ya kovu, na Njaka hamhamishi tena. Lakini asubuhi, kabla hajavaa aproni ya ngozi ya kuchomelea, huichukua fulana yake, akaigeuza, akapitisha dole gumba chini ya kwapa hadi mwisho, hata pale pasipo na mshono, ndipo anaivaa. Hafanyi kwa ubaya. Siku nyingine anaimba huku anafanya.

Mwanzoni Sahondra alikuwa anatoka nje ili asione. Siku hizi humpa ikiwa imeshageuzwa, akasimama karibu naye mpaka dole lifike mwisho.