Tuta Lililoamkiwa Shikamoo

Ifahamike kwa walimu, wanafunzi, wapishi na wakazi wote wa Ufipa kwamba mwaka huu, katika shule moja ya bweni karibu na Pito, kilichomoza kipaji cha uandishi ambacho vizazi vijavyo vitakitaja kwa heshima. Kipaji hicho kiliitwa Felisian, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kijana mwerevu na mtanashati. Asubuhi hadithi hii inapoanza, kipaji kilikuwa kwenye foleni ya uji, kimevaa soksi mbili zisizofanana, kinatetemeka kwa baridi, na kikombe kimekisahau bwenini.

Alikisahau kwa sababu akili yake haikutulia. Siku hiyo Mwongozo wa Shamba ulikuwa unagawiwa, na Felisian alikuwa ameficha siri ndani ya Mwongozo huo.

Mwongozo uliandikwa na Coleta wa kidato cha pili, mwenyekiti wa klabu ya kilimo. Likizo nzima alikaa na bibi yake, Bibi Leonia, akiandika jinsi Wafipa wanavyotengeneza ntumba, yale matuta ya duara ambayo majani hufukiwa ndani yaoze yawe mbolea, kisha maharage hupandwa juu. Alipata kurasa nne. Akaziweka kwenye flashi, akampa Felisian, ambaye darasani kwao hakuna aliyemshinda kwa kompyuta.

"Weka namba za kurasa, kisha uprinti nakala thelathini," Coleta alimwambia. "Usiguse kingine."

"Dada Coleta, mimi na kugusa wapi na wapi?"

Aligusa. Kwenye ukurasa wa pili aliongeza sentensi moja: "Kabla ya kupiga jembe, kila mwanafunzi aliamkie tuta shikamoo, kisha angoje kuitikiwa." Alicheka peke yake mpaka kiti kikalia. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo ilisukuma mistari ya mwisho hadi ukurasa wa tano, na Coleta angeshtuka. Basi Felisian akatafuta kitu cha kupunguza. Akakiona: "Majani yafukiwe siku hiyo hiyo yangali mabichi, yasichomwe."

Hilo nani asiyelijua? Kwao Laela hata mtoto anayetambaa anajua kwamba majani ya ntumba hayachomwi. Akalifuta. Kurasa zikarudi nne.

Alasiri ile zamu ya shamba ilikuwa ya kundi la Shija, mtoto wa wafugaji kutoka bonde la Rukwa, na rafiki yake Shedrack wa Kasesya. Walisimama mbele ya tuta la mfano, nakala mkononi, nyuso zimekaza.

"Shikamoo," Shedrack aliliambia tuta.

Wakangoja.

"Haliitikii," alisema Shija.

"Labda umri wetu mmoja. Jaribu mambo."

"Mambo," Shija akasema. Kimya. "Lina dharau hili."

Felisian, nyuma ya stoo ya majembe, alicheka mpaka akapata kwikwi. Coleta alikuja mbio, akasoma ukurasa wa pili, akauliza nani kaandika upuuzi huo. Kila mtu akatazama mawingu, na kwa kuwa flashi ilishinda chumba cha kompyuta, mhusika angeweza kuwa yeyote. Mambo yakaishia hapo, au Felisian alidhani yameishia hapo.

Ijumaa moshi ulipanda kutoka shambani.

Kundi la Shija lilikuwa limekata majani ya sehemu yao, likayaacha siku tatu yakauke, kisha likatia kiberiti. Upepo ukafanya yaliyobaki. Hakuna aliyeungua, lakini wanafunzi walipomaliza kuuzima moto kwa matawi, nusu ya shamba ilikuwa nyeusi, na majani yote yaliyotakiwa kuwa mbolea yamegeuka jivu.

Mwalimu Abeli, mlezi wa klabu, aliwapanga mstari.

"Kwetu tunachoma majani ya zamani, ng'ombe wapate mapya," Shija alijieleza. "Niliusoma mwongozo mara mbili, Mwalimu, nione kama huku inakatazwa. Haikukatazwa."

"Niliandika yasichomwe," alisema Coleta.

"Nionyeshe."

Coleta alifungua ukurasa wa pili. Akafungua wa tatu, akarudi wa pili. "Labda nilisahau," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini Bibi alinisisitizia."

"Juu ya mwongozo kuna jina lako na la bibi yako," alisema Mwalimu Abeli. "Jumanne nitateua mwenyekiti mwingine, na huyo ndiye atakayekwenda Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Samahani, binti, lakini shamba limeungua."

Felisian alifungua mdomo. Kwikwi ikatoka, maneno yakabaki.

Tangu saa hiyo kukaa kukamshinda. Jumamosi alifua shati moja mara tatu. Alipangwa golini, akaondoka golini kwenda kunywa maji, wakafungwa mawili. Jumapili alitoka kanisani mara nne, mpaka mzee wa kanisa akamuuliza kwa upole kama ana tatizo la tumbo. Kila alikopita alimwona Coleta kwenye ngazi za maktaba, akianza barua ya kumwomba Bibi Leonia msamaha, akiichana, akianza nyingine. Mara kumi Felisian alimwendea. Mara kumi miguu ikakata kona.

Jumatatu Coleta alikumbuka kitu. Kabla ya kuweka kazi yake kwenye flashi, alikuwa ameihifadhi kwenye kompyuta ya Mwalimu Winifrida, anayefundisha kompyuta. Mwalimu huyo akamwita Coleta, Shija na Felisian.

"Felisian, uligusa nini?"

"Namba za kurasa tu, Madam."

"Vizuri. Hapa nina toleo la Coleta, na hapa toleo lililoprintiwa. Yote kurasa nne, yote yanafanana kwa macho. Ila macho yakisoma kitu yanachokijua huruka. Programu hii hairuki. Italinganisha neno kwa neno. Kilichoongezwa kitatokea kwa bluu, kilichofutwa kitapigwa mstari mwekundu."

Akabonyeza.

Namba za kurasa zilitokea kwa bluu. Shikamoo ya tuta ikatokea kwa bluu. Na hapo chini yake, katikati ya ukurasa wa pili, mstari mwekundu ukakata sentensi nzima.

Coleta aliweka kidole kwenye kioo. "Niliandika," alisema. "Nilijua niliandika."

Shija alisoma taratibu. "Yasichomwe." Akamgeukia Felisian. "Mshikaji, mimi nimeitwa mchoma shamba siku tatu."

"Nilihitaji nafasi," Felisian alisema.

"Nafasi ya nini?" aliuliza Mwalimu.

"Ya shikamoo, Madam. Nikadhani hilo la kuchoma kila mtu analijua."

"Kila mtu wa kwenu Laela," alisema Mwalimu Winifrida. "Hii ni shule ya bweni, watu wametoka kila mahali. Maandishi ni kwa ajili ya yule asiyejua. Utani nauelewa, nami nilisoma bweni. Lakini ulibadilisha maneno ya mwenzako ukaacha jina lake juu yake. Ukamfanya aseme asichosema, kisha ukamtazama akiadhibiwa kwa ajili yako siku tatu nzima. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Ukikosea kwenye kazi ya mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla halijakauka likashika moto."

Coleta alibaki mwenyekiti, na Mbeya ni yake. Mwalimu Abeli aliwaomba radhi Coleta na Shija mbele ya shule nzima. Felisian alipewa wiki mbili za kukata majani kando ya barabara, kuyabeba hadi shambani na kuyafukia, chini ya usimamizi wa Bibi Leonia, aliyekuja kwa miguu kutoka Pito na jembe lake mwenyewe.

"Ndiye huyu anayeamkia udongo?" aliuliza bibi huyo. "Haya, inama uamkie. Nitaitikia mimi."

Felisian aliinama. "Shikamoo."

"Marahaba. Chimba."

Adhabu ya pili ilikuwa kuandika kisa hiki chote, kisomwe na wanafunzi wengine. Aliandika, akampa Mwalimu Winifrida. Baada ya siku mbili akaleta nakala safi.

"Umebadilisha nini?" Mwalimu aliuliza.

"Koma tu, Madam."

Mwalimu aliivuta kompyuta yake karibu. Alifungua nakala zote mbili, akabonyeza.

Ukurasa ulijaa rangi kama khanga. Maneno "mwerevu na mtanashati" yalikuwa bluu. Na kila mahali palipokuwa na "mimi", mstari mwekundu, na pembeni yake, kwa bluu: "Felisian".

Basi. Kidato cha kwanza hakuna Felisian. Naitwa Alphonce. Mstari niliufuta mimi, kwikwi ilikuwa yangu, na soksi zile hadi leo hazifanani.