Milango Saba ya Landhi

Jumapili soko la Kibuye hufurika mpaka barabarani, na ukisimama ghafla unakanyagwa. Ndiyo maana Nelima alimwona yule kijana kutoka mbali: watu walikuwa wakimpisha. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi na viatu vya kanisani, na mikono yake alikuwa ameinyoosha mbele, imeachana, kama mtu aliyebeba kioo kisichoonekana.

Alisimama mbele ya kibanda cha mapazia cha Nelima, mikono bado iko hewani.

"Madam, nisaidie haraka. Dirisha langu liko hivi. Usinichekeshe, nitalipoteza."

"Umetoka nalo wapi?"

"Kondele."

"Umetembea hivyo kutoka Kondele?"

"Sasa ningepanda tuktuk, ningelipa na mkono gani?"

Nelima alicheka mpaka tepu ya kupimia ikamteleza shingoni ikaanguka chini. Kijana, kwa adabu zake, akainama kuiokota. Dirisha likapotea hapo hapo.

"Umeona sasa?" akalalamika. "Nitaanza safari upya."

"Basi nitakuja nipime mwenyewe," alisema Nelima, na maneno hayo yakamshtua yeye kwanza.

Jina lake lilikuwa Joram Oyugi, fundi wa friji, mtu wa Asembo Bay. Hakumngoja aje kupima. Alinyoosha mikono tena kwa kukisia, akasisitiza ndiyo hiyo, na pazia likatoka fupi kwa shibiri nzima. Alilitundika vivyo hivyo. Kila Nelima alipotaka kumshonea lingine alikataa, akisema hilo ndilo lililomletea mke. Mke! Na wakati huo walikuwa hawajamaliza hata mwezi.

Simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, Nyar Landhi?"

"Nimekula, baba. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda."

Nyar Landhi, yaani binti wa landhi, ndivyo alivyomwita, naye Nelima alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa. Kwa kweli hakuwa na kwingine. Landhi yenyewe ilikuwa safu moja ya vyumba saba vya wafanyakazi karibu na reli, mabati yake mekundu kwa kutu, na babu yake aliletwa hapo kutoka upande wa Kakamega kuja kubadilisha njia za treni. Akaoa Mnubi wa jirani. Wakamzaa mama yake Nelima, Dorca, naye Dorca akampenda baharia wa meli kutoka Mwanza, aliyepanda meli yake siku moja na hakuonekana tena. Kwa hiyo Nelima alikuwa na damu ya Kiluhya, ya Kinubi na, kwa uvumi, ya Kisukuma, na ukimkanyaga mguu alilia kwa Dholuo, lugha ya mji ule.

Dorca alifariki Nelima akiwa na miaka minane. Hakuna mtu wa ukoo aliyetokea kumchukua. Milango mingine ilikaa kikao pale uani, ikagawana wiki.

Jumatatu alikula kwa Fundi Baldev, Singasinga aliyekuwa makanika, dengu na chapati. Jumanne kwa Mama Zamzam, Mnubi, aliyempikia gurusa, ile chapati yao laini nyembamba. Jumatano kwa Mzee Wechuli, Mluhya, ugali na kuku kama Mungu amejalia. Alhamisi samaki kwa Ouma. Ijumaa ndizi kwa Mama Kerubo wa Kisii. Jumamosi ilikuwa ya Mama Njambi, Mkikuyu, githeri yenye viazi, na kitambaa cheupe juu ya meza. Jumapili wote walipika wakabeba sufuria zao, wakaja kula mlango wa Dorca, ili taa iwake mle ndani.

Hivyo Nelima alijifunza siku kwa ladha kabla ya kuzijua kwenye kalenda. Mpaka leo akisikia harufu ya dengu hujiuliza kama amemaliza hesabu za shule.

Januari ya mwaka elfu mbili na nane, baada ya uchaguzi, mji uliwaka, na Wakikuyu wakafukuzwa. Fundi Baldev na Ouma walimpakia Mama Njambi kwenye lori la Nakuru, wakamfunika turubai. Hakupata hata nafasi ya kuaga. Mlango wake ulifungwa kufuli na haukufunguliwa tena.

Sasa landhi yote ilikuwa inafungwa. Barua ya shirika la reli ilikuja: kiwanja kinahitajika, wapangaji wahame ifikapo mwisho wa mwezi. Fundi Baldev angeenda Nakuru kwa mwanawe. Mzee Wechuli angerudi kijijini. Usiku Nelima aliwaza jambo moja tu. Kama wazee wa Joram hawangefika kabla ya mabati kung'olewa, yeye ataombwa katika nyumba ipi? Ataolewa akitoka wapi?

"Ayie ni Jumamosi ya mwisho," Joram alimwambia. Ayie ndiyo siku wazee wa mume huenda kuomba ridhaa kwa wazazi wa binti. "Baba mkubwa Gordon ndiye msemaji. Mipango yote niachie mimi."

Nelima alimwachia. Alishona gauni la kitenge cha njano, akanunua viatu.

Alhamisi, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, simu ililia akiwa kibandani.

"Halo mwanangu. Mimi ni mama yako wa Jumamosi."

Nelima aliinuka. "Mama Njambi?"

"Njambi gani? Mimi Emmaculate, wa huku Luanda kwa Waluhya. Kijana alinipa namba yako kwa dharura tu, lakini naona nikuulize mapema, wazee wasinishike uongo. Nyanya yako aliitwa nani? Na mzee wangu Mathews anauliza, yeye kama baba yako, alikuwa akikuita kwa jina gani ukiwa mdogo?"

Nelima hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikaa juu ya marobota ya kitambaa, akampigia Joram.

Joram alikuja mbio na mikono ya grisi.

"Umenikodishia mama," Nelima alisema.

"Mpenzi, sikiliza. Mzee Gordon ataniuliza, nyar kanye? Binti wa wapi? Nitamjibu nini? Hawa watu hawaingii mahali hapana boma. Watageuka mlangoni, nikukose. Nilitaka kukusitiri."

"Kunisitiri na nini? Nina ukoma?"

"Sikusema hivyo."

"Mama yangu alikufa mara moja, Joram. Wewe umemzika mara ya pili, na umewazika wengine sita wakiwa hai. Nilidhani ukiniita Nyar Landhi unanipenda. Kumbe ulikuwa unanitania."

"Nelima..."

"Nenda. Na hilo pazia ulirudishe, nitashonea mto."

Pazia halikurudi. Simu zililia, hakushika. Alilia, kusema kweli, kila siku, hasa akiona wanaume wenye mashati ya samawati. Nyumbani majirani walifunga mizigo na kumtazama kwa pembeni, na hakuna aliyemwuliza kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yao hata kidogo.

Jumapili ya tatu alirudi kutoka Kibuye alasiri, amechoka. Joram alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, sufuria magotini.

"Nani amekuruhusu?"

"Nimeanza Jumatatu," alisema Joram, bila kuinua macho. "Ulipokuwa kazini mchana. Dengu kwa Fundi Baldev. Alinitukana kwa Kipunjabi, lakini akaniongeza chapati. Jumanne Mama Zamzam hakusema na mimi mpaka nimalize sahani. Mzee Wechuli alinipa shingo ya kuku tu."

Nelima alijizuia asicheke. Hakufaulu sana.

"Kwa Ouma samaki alikuwa mtamu. Kwa Mama Kerubo nilikula ndizi mpaka nikaomba msamaha. Jumamosi nilikaa pale," akaonyesha mlango wenye kufuli, "nikashinda njaa. Mama Zamzam aliniambia wewe pia, tangu lile lori liondoke, Jumamosi ulikuwa hutaki kula mlango mwingine."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema Nelima, na machozi yakamtoka.

"Mimi ni mjinga, Nyar Landhi. Nilikuogopea wazee wangu. Wale wa Luanda nimewaomba radhi, hawaji. Jumamosi wazee wanakuja hapa. Wakigeuka, wageuke. Mimi sigeuki."

"Kuna nini ndani ya hiyo sufuria?"

"Wali. Umeungua. Leo si ni siku ya kila mtu kubeba chake?"

Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Majirani walikuwa wamesimama nyuma yake muda wote, wambeya hao.

Jumamosi mabati ya chumba cha mwisho yalikuwa yameshatolewa. Wazee wanne kutoka Asembo, makoti mazito juani, walikalia viti visivyofanana. Nelima alikuwa ndani, kitenge chake cha njano kikimbana kifua, akisikiliza na kuchungulia kwenye ufa wa ukuta.

"Sisi ni wageni," ilisema sauti ya Mzee Gordon, kavu. "Tumeona reli, tumeona mizigo imefungwa. Boma hatujaona. Kabla tuseme kilichotuleta, tumsalimie mwenye boma. Ni nani?"

Nelima alifumba macho.

"Mimi," alisema Mama Zamzam.

"Mimi," alisema Mzee Wechuli.

"Mimi pia, bwana," alisema Fundi Baldev, na kilemba chake kipya cha rangi ya machungwa.

"An," alisema Ouma, kwa Dholuo, ili wasijifanye hawajasikia. Ni mimi.

"Mimi," alisema Mama Kerubo.

Kisha Joram akainua simu yake juu. Mtoto wa Fundi Baldev alikuwa amezunguka masoko ya Nakuru siku tatu akimtafuta mtu mmoja. Sauti ilitoka imekwaruza, ya kizee, lakini Nelima angeitambua hata ndotoni.

"Na mimi. Njambi, wa Jumamosi. Nelima, mama, umekula?"

Nelima alitoka nje. Hakungoja kuitwa, desturi au si desturi. Aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Bado, mama," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Mzee Gordon aliwatazama mmoja mmoja, polepole. Akavua kofia.

"Nimeenda ayie nyingi," alisema. "Kote huko nilikuwa nasalimia mtu mmoja." Akainuka, akaanza na Mama Zamzam, akampa mkono kila mmoja, na mwisho akainamia simu akaisalimia pia.

Jumatano iliyofuata landhi ilibomolewa, na wenyewe wakatawanyika, kila mtu na njia yake.

Wakafunga ndoa Desemba. Jumatatu ya kwanza Joram alirudi nyumbani Kondele kutoka kazini, akapita kando ya lile pazia fupi la dirishani, akakuta mezani dengu na chapati. Hakuuliza. Alinawa mikono, akakaa.